Swali Kwanza, Viza Baadaye

Mwaka 1969 John Garang, kijana wa Kidinka kutoka kusini mwa Sudan, alihitimu shahada ya kwanza katika Chuo cha Grinnell, jimboni Iowa, Marekani. Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilikuwa tayari kumpokea kwa masomo ya juu. Akaiacha nafasi ile, akaja Dar es Salaam kusoma uchumi wa kilimo cha Afrika Mashariki. Pale Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka hiyo Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana, alikuwa akifundisha historia, na Yoweri Museveni kutoka Ankole alikuwa akimalizia masomo yake ya uchumi na siasa. Kwa vijana wale, Dar es Salaam ndiyo ilikuwa ughaibuni. Waliifuata kwa sababu mambo waliyotaka kuyaelewa yalikuwa yakijadiliwa hapo kuliko mahali pengine popote.

Naanza na kisa hiki kwa sababu ya swali ninaloulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa sayansi ya siasa, utawala wa umma na uhusiano wa kimataifa: nchi gani inatoa ufadhili kwa urahisi? Anayeuliza hivyo huishia kujaza fomu kumi na mbili zinazofanana, na wasomaji wa fomu hizo humwona mara moja. Mwanafunzi wa udaktari anaweza kueleza kwamba mashine fulani haipo nchini kwake. Wewe unayesoma siasa utaulizwa jambo gumu zaidi: unataka kujua nini kuhusu madaraka, na kwa nini hukijui hapo ulipo? Ukiwa na jibu la swali hilo, nusu ya kazi ya maombi imekwisha. Usipokuwa nalo, hata alama nzuri hazitakubeba mbali.

Swali zuri huwa dogo na lina anwani. Katiba ya Kenya ya 2010 iliunda kaunti 47, na ibara ya 203 inazihakikishia angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kwa nini basi kaunti mbili jirani, zenye mgao unaokaribiana, zitoe huduma za afya zinazotofautiana sana? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Mama anayevusha nyanya Namanga anaijua haki yake gani, na ofisa wa mpakani anaitambua ipi? Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wafanyabiashara wa Bukavu na Goma wamepata nini, na nani amewazuia wasipate? Maswali kama haya hayahitaji uwe umefika Ulaya ndipo uyaone. Yanahitaji uwe umekaa mahali fulani ukaangalia kwa makini. Huo ndio mtaji wako, na wanafunzi wengi wa kwetu wanaudharau.

Kabla ya kuitazama London au Berlin, basi, tazama Arusha. Kwa Mkenya, Mganda, Mrundi au Mkongo, Arusha ni ughaibuni kamili. Kwa Mtanzania ni mji wa nyumbani wenye taasisi ambazo mwanafunzi wa siasa wa Paris angesafiri kuzifuata. Yapo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lipo Bunge la Afrika Mashariki, lenye wabunge tisa wa kuchaguliwa kutoka kila nchi. Ipo Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Ipo pia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo ni chombo cha bara zima. Nyaraka za Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyofungwa tarehe 31 Desemba 2015, zimehifadhiwa hapohapo.

Fikiria jambo moja tu katika hayo. Tanzania ni mwenyeji wa Mahakama ya Afrika. Mwezi Novemba 2019, Tanzania hiyohiyo iliondoa tamko lililowaruhusu raia wake na asasi zisizo za kiserikali kupeleka mashauri moja kwa moja mahakamani hapo. Rwanda ilikuwa imefanya hivyo miaka mitatu kabla. Mwenyeji anafadhili jengo, analinda majaji, kisha anawafungia mlango raia wake: hiyo ni mada ya shahada ya uzamili nzima, na mwanafunzi aliyefanya mafunzo tarajali ya miezi mitatu kwenye masjala ya mahakama ile ataizungumzia kwa namna ambayo kitabu hakitamfundisha. Mahakama hupokea tarajali, na tangazo hutolewa katika tovuti yake. Soma sifa zinazotakiwa, kisha omba kwa barua ya chuo chako. Uliza mapema, kwa maandishi, kama kuna posho au hakuna, na panga malazi kabla hujapanda basi.

Nairobi iko jirani vilevile. Gigiri ndiko yaliko makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lililoundwa 1972, pamoja na yale ya shirika la makazi, UN-Habitat. Mtanzania hahitaji viza kwenda Kenya, na nauli ya basi kutoka Dar au Arusha haiwezi kulinganishwa na tiketi ya Geneva. Kule Addis Ababa kuna Umoja wa Afrika na Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika. Umoja wa Afrika una mpango wa vijana wa kujitolea ulioanzishwa 2010, unaochukua wenye umri wa miaka 18 hadi 35 na kuwapangia kazi nchi nyingine ya Afrika kwa muda wa mwaka mmoja. Wengi hawauombi kwa kuwa jina lake linasema kujitolea, wakadhani ni kufagia ofisi. Ni kazi ya kitaaluma, na mwaka mmoja ndani ya chombo cha bara unakupa kitu utakachokieleza katika kila ombi litakalofuata.

Nasisitiza ukaribu kwa sababu za kikazi. Ufadhili mkubwa wa mbali mara nyingi hutaka ushahidi wa kazi. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza 1983, unadai angalau saa 2,800 za uzoefu, takriban miaka miwili ya kazi, na unakubali saa za mafunzo tarajali na za kujitolea. Piga hesabu: miezi sita ya kazi ya saa 40 kwa wiki ni saa 1,040. Anayejitolea katika asasi ya haki za binadamu au ofisi ya mbunge ahesabu saa zake tangu siku anayoanza. Weka daftari. Andika tarehe, saa, kazi uliyofanya na jina la msimamizi, kisha mwombe barua ya kuthibitisha siku unayoondoka, kwa sababu miaka mitatu baadaye msimamizi yule atakuwa amehamia ofisi nyingine na hakuna atakayekukumbuka.

Sasa niseme wazi kuhusu mafunzo tarajali yasiyolipwa. Agosti 2015 vyombo vya habari duniani viliandika habari za kijana wa miaka 22 kutoka New Zealand aliyekuwa tarajali wa Umoja wa Mataifa mjini Geneva huku akilala kwenye hema kando ya ziwa, kwa kuwa hakuweza kulipa pango. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba kwa sehemu aliingia katika hali ile kwa makusudi, ili watu walione tatizo. Tatizo lilikuwa la kweli na bado lipo. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hailipi tarajali wake: nauli, bima, chakula na pango ni juu yako, kwa miezi miwili hadi sita, katika miji ambayo ni ghali kuliko karibu mji wowote wa Afrika. Mpango wa namna hiyo, hata ukiwa na nia njema, huchuja watu kwa mifuko ya wazazi wao, na ninaona ni dhuluma kwa watoto wa wakulima.

Kwa hiyo tofautisha. UNDP, UNICEF na Shirika la Kazi Duniani huwalipa tarajali posho. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ina mfuko maalumu wa kuwasaidia tarajali kutoka nchi zinazoendelea zilizo wanachama wake. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ni wanachama. Burundi ilijitoa Oktoba 2017 na Rwanda haikuwahi kujiunga, kwa hiyo raia wa nchi hizo mbili wasiutegemee mfuko huo. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa nayo huchukua aliye mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, aliye kwenye shahada ya juu, au aliyehitimu ndani ya mwaka mmoja uliopita, kwa hiyo mlango huo una muda wake na hufungwa. Ukilazimika kuomba nafasi isiyolipwa, jaribu kuiomba Nairobi badala ya New York. Na tafadhali, familia isiuze kiwanja kwa ajili ya miezi mitatu ya kupanga mafaili Geneva. Umoja wa Mataifa una pia huduma ya kujitolea kwa njia ya mtandao, ambapo unafanya utafiti au tafsiri ukiwa Morogoro au Kisumu, na unapata cheti.

Tukija kwenye masomo yenyewe, ufadhili ninaoupendekeza kwanza kwa mwanafunzi wa siasa ni ule wa Ujerumani uliopewa jina la Helmut Schmidt, unaosimamiwa na DAAD, shirika la nchi hiyo la ubadilishanaji wa kitaaluma. Umeundwa mahsusi kwa sera za umma na utawala bora, unawalenga vijana wa nchi zinazoendelea, na unaanza na kozi ya Kijerumani kabla ya masomo. Mojawapo ya vyuo vyake ni Shule ya Willy Brandt katika Chuo Kikuu cha Erfurt. Dirisha la maombi huwa kati ya Juni na Julai, na shahada yako ya mwisho isiwe imezidi miaka sita. Sifa yake kubwa kwangu ni kwamba husomi siasa kama falsafa ya mbali. Wenzako darasani watakuwa watu wa wizara, asasi na vyama kutoka mabara matatu, na mabishano yao yana thamani sawa na mihadhara.

Chevening nimekwisha kuigusa. Ni mwaka mmoja, unachagua kozi tatu za Uingereza, na unajifunga kurudi nchini kwako kwa miaka miwili baada ya masomo. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya hukusomesha katika nchi mbili au zaidi kwa posho ya euro 1,400 kwa mwezi. Kwa wanasiasa wa kesho, tafuta zile programu zake za uhusiano wa kimataifa na usalama. Nyingi hufunga maombi kati ya Oktoba na Januari. Ubelgiji, kupitia VLIR-UOS, hufadhili shahada ya utawala na maendeleo katika taasisi ya IOB ya Chuo Kikuu cha Antwerp. Sciences Po ya Ufaransa ina ufadhili wa Mastercard Foundation kwa Waafrika, na kampasi yake ya Reims ina programu inayoihusu Afrika. Uturuki hufungua maombi Januari na kufunga Februari, humfundisha kila mshiriki Kituruki mwaka mzima, na huweka ukomo wa umri wa miaka 30 kwa shahada ya uzamili. Nchi za Jumuiya ya Madola zina ufadhili wao Uingereza tangu 1959. Hapa Warundi na Wakongo hawamo, bali Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamo.

Jihadhari pia na ushauri uliopitwa na wakati, maana unazunguka sana katika makundi ya WhatsApp. Bado kuna anayekuambia Norway ni bure. Ilikuwa bure, lakini tangu 2023 wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa ada, na mpango wa zamani uliowapeleka Waafrika wengi kule ulifutwa miaka kadhaa kabla ya hapo. Kaka au dada aliyesoma Uholanzi kwa ufadhili wa serikali ya nchi hiyo miaka kumi iliyopita hawezi kukuelekeza njia ileile, kwa sababu mpango huo umekwisha. Muulize yeye kuhusu maisha ya kule. Kuhusu masharti, soma tovuti ya mfadhili mwenyewe, ya mwaka huu.

Anayetaka kuondoka Septemba aanze Juni ya mwaka unaotangulia. Na jambo la kwanza la kufanya Juni hiyo ni kuandika, fomu zitafuata.

Nimesoma insha nyingi za maombi, na nyingi zinaanza kwa sentensi moja: tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuleta mabadiliko katika jamii yangu. Msomaji ameisoma sentensi hiyo tangu asubuhi, kutoka Lagos, Lahore na Lima. Haimwambii chochote kuhusu wewe. Sasa chukua mwanafunzi aliyefanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya kata. Anaandika kwamba alihudhuria mikutano ya kijiji, akagundua taarifa ya mapato na matumizi inasomwa kwa haraka mwishoni, wakati wanawake wamekwisha kuondoka kwenda kupika. Akamwomba mtendaji isomwe mwanzoni. Mkutano mmoja ukafanyika hivyo, na maswali yakatoka kwa watu ambao hawakuwahi kuuliza. Anataka kusoma sera za umma ili aelewe kwa nini sheria ya kutoa taarifa ipo na bado utaratibu unaifanya isifanye kazi. Hapo kuna uongozi, kuna uchunguzi, kuna swali, na kuna sababu ya kusafiri. Chevening huuliza mambo manne hasa: uongozi wako, namna unavyojenga mahusiano ya kikazi, kwa nini kozi hizo, na mpango wako wa kazi. Tukio moja dogo kama hilo linaweza kujibu matatu kati ya hayo.

Ukitaka kujitofautisha zaidi, jifunze kutumia takwimu. Afrobarometer imekuwa ikiwauliza Waafrika maoni yao kuhusu demokrasia, rushwa na huduma za umma tangu 1999. Data zake hupakuliwa bure, na dodoso zake za Kiswahili zinapatikana. Nchini Tanzania mshirika wake ni taasisi ya utafiti ya REPOA. Chukua swali moja, kwa mfano imani ya wananchi kwa mahakama, linganisha nchi mbili au awamu tatu, andika kurasa nane. Kazi ya namna hiyo unaweza kuiambatisha kwenye ombi, unaweza kumpa mhadhiri aisome, na inakufundisha mapema kile ambacho wenzako wa vyuo vya nje wamefundishwa mwaka wa pili. Wengi wetu hufika kule tukiwa hodari wa nadharia na historia, kisha somo la mbinu za utafiti linatutoa jasho.

Mhadhiri niliyemtaja ndiye atakayeandika barua ya mapendekezo, na hapa wanafunzi hujiumiza wenyewe. Mhadhiri wa darasa la watu mia tatu hakufahamu. Ukimfuata siku tatu kabla ya mwisho wa maombi ataandika kwamba ulikuwa mwanafunzi mwenye nidhamu, na barua hiyo ni sawa na kutokuwa na barua. Mfuate mwezi mzima kabla. Mwandikie kwa heshima na kwa ufupi: Shikamoo Dokta, mimi ndiye niliyeandika tasnifu kuhusu mabaraza ya kata, naomba ufadhili fulani, mwisho wake ni tarehe fulani, naambatisha tasnifu, matokeo yangu na insha ya maombi. Akishakubali, mkumbushe mara moja wiki moja kabla. Barua ya mkuu wa mkoa au mbunge ambaye ni mjomba wako haina nguvu kama ya mhadhiri kijana aliyesoma kazi yako na anaweza kueleza ulikosea wapi na ulirekebishaje.

Kuna jambo dogo kuhusu alama ambalo limewakosesha watu nafasi. Vyuo vya Tanzania hupima GPA kwa kiwango cha 5.0. Daraja la pili la juu huanzia 3.5 hadi 4.3, na la kwanza huanzia 4.4. Msomaji wa Marekani amezoea kiwango cha 4.0, na fomu za huko zina kisanduku kimoja tu cha namba. Ukiandika 3.6 bila maelezo unaweza kueleweka vibaya upande wowote. Andika kila mara "3.6 kati ya 5.0, daraja la pili la juu", na uombe chuo chako kiambatishe ukurasa unaoeleza madaraja. Kuhusu mtihani wa Kiingereza, usikimbilie kulipia IELTS kabla hujasoma masharti. Vyuo kadhaa vya Ulaya hukubali barua ya msajili inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, na barua hiyo haikugharimu zaidi ya safari ya ofisi ya usajili.

Lugha yako ya kwanza nayo ina soko ambalo wengi hawalioni. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya kazi. SOAS ya London, Leiden, Leipzig na Bayreuth hufundisha Kiswahili, na idara hizo mara nyingi ndizo zenye wataalamu wa siasa za Afrika Mashariki wanaohitaji msaidizi anayeweza kusoma kumbukumbu za Bunge letu au kusikiliza hotuba za kampeni. Waandikie maprofesa hao. Fulbright ina mpango wa wasaidizi wa kufundisha lugha, uliowapeleka vijana wa Kenya na Tanzania katika vyuo vya Marekani kufundisha Kiswahili kwa mwaka wa masomo huku nao wakisoma kozi chache. Hautoi shahada, ila umewafungulia wengi njia. Na anayelenga Addis, Geneva au Kinshasa ajifunze Kifaransa sasa, jioni, akiwa bado na muda. Katika ukanda wetu, anayeongea Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa kwa ufasaha hakai muda mrefu bila kazi.

Lazima niseme pia kuhusu utapeli, kwa kuwa vijana wa siasa wana utapeli wao mahsusi. Unapokea barua pepe: umeteuliwa kuwa mjumbe wa mkutano wa vijana viongozi duniani, katika mji mzuri wa nje, na "umefadhiliwa". Ukisoma chini unakuta ada ya usajili ya dola mia kadhaa, nauli juu yako, na picha mbele ya bendera. Hakuna mtu wa kamati ya uteuzi anayevutiwa na cheti cha mkutano wa kununua. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya ajira au mafunzo. Chevening na DAAD hawakutumi kwa wakala, wala hawaombi fedha kwa M-Pesa. Baadhi ya vyuo hutoza ada ya maombi, ambayo hulipwa katika tovuti ya chuo chenyewe.

Utapeli mwingine unahatarisha maisha. Oktoba 2024 shirika la habari la AP liliripoti kuhusu wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka Uganda, Rwanda, Kenya na nchi nyingine walioahidiwa kazi na mafunzo nchini Urusi, katika eneo la viwanda la Alabuga huko Tatarstan, wakajikuta wakiunganisha droni za kivita. Matangazo yale yalikuwa na picha nzuri, tiketi ya bure na mshahara. Kabla ya kukubali nafasi yoyote ya nje, dada yangu au mdogo wangu, hakikisha mambo matatu: jina la taasisi linapatikana katika tovuti rasmi ya nchi husika, mkataba unaeleza kazi utakayofanya, na kuna mtu wa nchi yako aliyewahi kupita hapo ambaye umezungumza naye kwa simu.

Fedha hazipaswi kukushtua ukishapata barua ya udahili. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalotoza wageni euro 1,500 kwa muhula. Lakini asiye na ufadhili huonyesha akaunti maalumu yenye euro 11,904 za matumizi ya mwaka, na kiasi hicho ndicho kinachowakwamisha wengi wanaosikia kwamba Ujerumani ni bure. Uingereza humtoza mwanafunzi pauni 776 kwa mwaka kwa huduma ya afya, na wanaotoka Kenya na Tanzania kukaa huko zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu kabla ya viza. Hata ukiwa umefadhiliwa kikamilifu, posho ya kwanza inaweza kuchelewa wiki kadhaa wakati mwenye nyumba anataka amana siku ya kwanza. Nenda na akiba ya mwezi mmoja, hata ya kukopa kwa ndugu.

Marekani inahitaji uangalifu wa pekee kwa sasa. Tangu Juni 2025 waombaji wa viza za masomo na za kubadilishana wanatakiwa kuacha wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe, na raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwamo, waliwekewa vizuizi vya kuingia. Masharti haya yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo soma ukurasa wa ubalozi wiki unayoomba. Sikushauri ufute maoni yako. Mwanafunzi wa siasa asiye na maoni anatia shaka. Nakushauri uyaandike tangu leo kama mtu atakayeulizwa kuyatetea, kwa hoja na bila matusi, kwa kuwa kurasa hizo husomwa na maofisa wa viza na pia na watu wa nyumbani.

Ukifika kule na wakati wa tasnifu ukafika, wengi watakushawishi uandike kuhusu Brexit au vyama vya Ulaya kwa sababu vitabu viko karibu. Andika kuhusu nyumbani, ukitumia mbinu ulizojifunza huko. Anza kufuatilia vibali mapema: NACOSTI kwa utafiti wa Kenya, COSTECH kwa Tanzania Bara, na Zanzibar ina utaratibu wake. Kibali cha maadili cha chuo chako cha nje hakitoshi, na ofisa wa wilaya ana haki ya kukurudisha mlangoni usipokuwa na barua. Beba cheti, matokeo na barua ya chuo zikiwa na mihuri, maana tume za vyuo vikuu, TCU kwa Tanzania na CUE kwa Kenya, zitazihitaji kuitambua shahada yako utakaporudi. Na tasnifu ikimalizika, andika muhtasari wake wa kurasa mbili kwa Kiswahili, uupeleke kwa mkono katika ofisi za kata, mahakama au soko ulikowahoji watu, kabla hujaituma kwenye jarida lolote.